Retina ya kurithi na tiba ya maikroRNA: mambo ya kufanya kabla dawa haijafika

Mtu akiambiwa kliniki kwamba ana retinitisi pigmentosa, maneno yanayofuata huwa machache: ni ugonjwa wa kurithi, hauna dawa, rudi baada ya mwaka. Jioni hiyohiyo mpwa wake anamletea habari nyingine kwenye simu: Ulaya wamepata tiba inayoitwa maikroRNA, na panya waliokuwa wanapofuka wameokolewa. Kauli ya kwanza humkatisha tamaa, asirudi kliniki tena. Ya pili humfanya aanze kuulizia bei ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Kila kauli ina ukweli ndani yake, lakini ikichukuliwa peke yake humpotosha mgonjwa katika miaka ileile ambayo ana mengi ya kufanya.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, wenye seli zinazopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara ya umeme inayosafiri hadi kwenye ubongo. Seli hizo ni za aina mbili. Za fimbo hutuonyesha penye giza na pembeni mwa macho. Za koni hutupa rangi, herufi na sura za watu. Katika retinitisi pigmentosa, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000, seli za fimbo ndizo hutangulia kufa. Ndiyo maana mtoto husoma ubaoni bila shida mchana, kisha ikifika magharibi anapiga ndoo teke, anamkanyaga mdogo wake, anakataa kutumwa dukani. Nyumbani anaitwa mzembe. Akiendelea hivyo, watu huanza kunong'ona kwamba kachezewa. Miaka ikipita, eneo analoliona husinyaa kutoka pembeni hadi kinabaki kiduara cha katikati, na hicho nacho huweza kufifia kwa sababu koni zinaanza kufa.

Kifo cha koni kinastahili kutazamwa kwa makini. Kwa wagonjwa wengi, jeni yenye kasoro hufanya kazi ndani ya fimbo tu. Koni hazina kosa lolote. Hufa kwa sababu fimbo zilizozizunguka zimekufa, oksijeni isiyotumika imezidi na kuzidhuru, na lishe haizifikii ipasavyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwaza dawa inayookoa koni bila kugusa kasoro ya jeni, na mtu mwenye koni hai anasoma, anamtambua mwanawe, anafanya kazi.

Wazo hilo lina uzito kwa sababu jeni zinazohusika ni nyingi mno. Retinitisi pigmentosa peke yake inaweza kutokana na kasoro katika jeni zaidi ya 80, na magonjwa yote ya kurithi ya retina yakijumlishwa, jeni zimepita 250. Mwezi Desemba 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya kwanza ya jeni kwa ugonjwa wa kurithi wa macho. Inafanya kazi, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ni kwa wenye kasoro katika nakala zote mbili za jeni moja, RPE65, na tena wawe bado na seli hai za kutosha. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Ukitaka kutengeneza dawa ya namna hiyo kwa kila jeni, moja baada ya nyingine, familia nyingi zitasubiri vizazi.

MaikroRNA inafuata njia nyingine. Ni kipande kifupi sana cha RNA, chenye herufi kama 22 tu, kisichotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kushikamana na ujumbe unaotoka kwenye jeni kabla haujasomwa, ili protini itengenezwe kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa kawaida haizimi. Hupunguza, kama mtu anayeshusha utambi wa kandili. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliichapisha mwaka 1993, baada ya kuigundua katika mnyoo mdogo wa maabara, na kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni jambo la mnyoo huyo tu. Mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Siku hizi tunajua kwamba maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya jeni kwa pamoja, na kwamba retina imejaa nazo. Kundi linaloitwa miR-183, miR-96 na miR-182 ni miongoni mwa zilizo nyingi zaidi katika seli za kupokea mwanga. Panya waliotolewa kundi hilo waliharibika retina.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka kwa binadamu. Mwaka 2015 watafiti walieleza habari za ukoo mmoja ambao watu wake walipoteza uwezo wa kuona kwa sababu herufi moja ilibadilika ndani ya maikroRNA iitwayo miR-204. Herufi moja, katika kitu ambacho zamani vitabu vilikiita takataka. Watafiti wa taasisi ya TIGEM huko Pozzuoli, karibu na Naples nchini Italia, waliendelea kuifuatilia. Mwaka 2020 walionyesha kwamba ukiongeza miR-204 ndani ya macho ya panya wenye retina inayokufa, kwa kuipakia kwenye virusi visivyo na madhara viitwavyo AAV, seli za kupokea mwanga zinakufa polepole zaidi. Mwaka 2022 wakaonyesha kinyume chake kwa maikroRNA nyingine, miR-181: hiyo inafaa ipunguzwe. Ikipungua, seli huweza kusafisha mitokondria zilizochakaa, yaani vile viwanda vya nishati ndani ya seli, na kutengeneza mpya. Panya wenye kasoro za jeni tofauti walinufaika kwa dawa ileile. Hiyo ndiyo maana ya ile habari iliyoletwa kwenye simu. Panya hawakurudishiwa macho yaliyokwisha kufa. Walicheleweshewa kifo cha seli zilizokuwa bado hai. Tofauti hiyo nakusihi uishike, kwa kuwa ushauri wote unaofuata unatoka humo.

Ipo pia njia ya pili inayotumia mitambo ileile ya seli, kwa ajili ya aina za ugonjwa ambazo nakala moja mbovu ya jeni inatoa protini yenye sumu. Huko kuongeza jeni nzuri hakutoshi. Lazima mbovu inyamazishwe. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Pennsylvania na Florida waliwatibu mbwa wenye kasoro katika jeni ya rodopsini: virusi vimoja vilibeba kipande cha RNA cha kuinyamazisha rodopsini yote, pamoja na nakala nzima iliyoandikwa kwa namna ambayo kipande hicho hakiigusi. Seli zililindwa.

Lakini hadi ninapoandika, hakuna dawa ya maikroRNA iliyoidhinishwa kwa ajili ya retina mahali popote duniani. Tena safari kutoka kwa panya hadi kwa mtu imeangusha wengi. Mwaka 2016 majaribio ya dawa ya saratani iliyoiga maikroRNA iitwayo miR-34a yalisimamishwa baada ya kinga za miili ya baadhi ya wagonjwa kuvurugika vibaya, na wengine walifariki. Sifa ileile inayotupa matumaini, yaani kugusa jeni nyingi kwa mara moja, ndiyo inayoweza kuleta madhara mahali usipopatarajia. Mwaka 2022 dawa nyingine ya RNA, sepofarsen, iliyokusudiwa aina moja ya upofu wa utotoni, haikufikia lengo katika jaribio lake kubwa, ingawa wagonjwa wa mwanzo walionyesha dalili njema. Nayasema haya ili atakayekuuzia sindano ya maikroRNA ya macho mwezi ujao, ujue kabla hajafungua mkoba kwamba anakudanganya.

Basi ufanye nini? Kwanza hakikisha kwamba ugonjwa ulio nao ndio huo kweli. Kutoona usiku kuna sababu nyingine, na baadhi zinatibika kwa gharama ndogo. Upungufu wa vitamini A ni moja, hasa kwa watoto wadogo, na ndiyo sababu matone yake hutolewa mara mbili kwa mwaka. Kaswende inaweza kuiharibu retina ikafanana na ugonjwa wa kurithi. Dawa za klorokwini na haidroksiklorokwini zikitumiwa kwa miaka mingi, kwa mfano na wenye lupusi, zinaweza kuidhuru pia. Hata miongoni mwa magonjwa ya kurithi yapo machache yenye tiba: ugonjwa wa Refsum hudhibitiwa kwa kuepuka mafuta ya nyama na maziwa ya wanyama wanaocheua, na upo ule ambao utumbo haufyonzi mafuta, ukihitaji vitamini A na E kwa wingi. Mwambie daktari kila kitu, hata usichodhani kinahusu macho. Mtoto asiyesikia vizuri na haoni usiku huenda ana ugonjwa wa Usher. Aliyezaliwa na kidole cha sita na ana unene usioelezeka anahitaji figo zake zichunguzwe pia.

Kwa uchunguzi huu kituo cha afya cha mtaani hakitoshi. Omba rufaa kwenda kwa bingwa wa retina. Kwa Tanzania, KCMC iliyopo Moshi, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam ndizo pa kuanzia. Kenya, hospitali ya macho ya Kikuyu. Uganda, Ruharo iliyopo Mbarara. Uliza kama wanapiga picha ya OCT, inayoonyesha tabaka za retina na unene wake, kama wanapima upana wa eneo unaloliona, na kama wana elektroretinogramu, kipimo cha umeme wa retina. Kipimo cha mwisho hakipatikani kila mahali, na kama itabidi usafiri kwa ajili yake mara moja, safari hiyo ina thamani.

Kisha chukua nakala. Wagonjwa wetu wengi wana kadi yenye mistari miwili na hawana hata picha moja ya retina yao. Dawa inayochelewesha kifo cha seli haiwezi kupimwa kwa mtu ambaye haijulikani alikuwa anapoteza kiasi gani kwa mwaka. Mtafiti atakayetafuta washiriki kesho atauliza vipimo vya miaka iliyopita, vyenye tarehe, vilivyofanywa kwa mashine za aina moja. Weka faili nyumbani na nakala kwenye barua pepe ya mtoto au mdogo wako. Humo weka pia mti wa ukoo: nani haoni usiku, nani alipofuka na akiwa na umri gani, nani alimuoa nani. Waulize mabibi wangali hai. Wao ndio wanaomkumbuka yule mjomba aliyekuwa akishikwa mkono kila baada ya swala ya magharibi, ambaye hakuna karatasi inayomtaja.

Mti huo utaonyesha ugonjwa unavyotembea katika ukoo, na hapa naomba tusemezane kwa uwazi. Katika aina moja, mzazi mwenye ugonjwa humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu. Katika nyingine, mama mwenye macho mazima au karibu mazima huwapitishia watoto wa kiume. Katika ya tatu wazazi wote wawili wazima wamebeba kila mmoja nakala moja mbovu, na kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4. Aina hii ya tatu huonekana zaidi pale mtu anapomuoa mtoto wa ami au wa mjomba wake, jambo ambalo ni la heshima katika koo nyingi za Pwani, Zanzibar na Oman. Ndoa hiyo haitengenezi ugonjwa. Inaongeza nafasi ya wawili wenye kasoro ileile kukutana. Kama tayari kuna mgonjwa katika ukoo, mshauri wa vinasaba aonwe kabla ya posa. Na mama mkwe anayemlaumu mkaza mwana kwamba ameleta upofu nyumbani aambiwe kwa adabu kwamba, katika aina hiyo, nusu ya kasoro imetoka upande wake.

Kipimo cha jeni hufanywa kwa damu au mate, na sampuli mara nyingi hupelekwa nje. Kina gharama, na majibu huchukua wiki nyingi. Je, kina faida ikiwa tiba ya maikroRNA haiulizi jeni? Naona kinayo. Kitakwambia kama una kasoro ya RPE65, ambayo tayari ina tiba. Kitakuepusha na vitamini inayokudhuru, kama nitakavyoeleza mbele. Na majaribio mengi ya leo bado huchagua washiriki kwa jeni. Jiandae kwa jibu la mashaka, yaani badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani. Kwa Waafrika jibu hilo hutoka mara nyingi, kwa kuwa hazina za data zimejengwa zaidi kwa damu ya Wazungu. Likija, usilichane. Omba wazazi na ndugu wapimwe badiliko hilohilo, na baada ya miaka michache omba matokeo yasomwe upya. Chuo Kikuu cha Cape Town kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya jeni za retina kwa familia za Afrika Kusini, na kila ukoo wa Kiafrika unaoongezwa kwenye data hupunguza mashaka ya anayefuata.

Wakati huohuo zilinde seli ulizonazo. Vaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua inayozuia mionzi; mbwa wale wenye kasoro ya rodopsini waliharibika haraka zaidi walipopigwa na mwanga mkali, na jua la saa sita ufukweni si la mchezo. Acha sigara. Dawa za nguvu za kiume zenye sildenafili, zinazouzwa barabarani kama karanga, hugusa kimeng'enya cha retina ambacho kwa baadhi ya wagonjwa hawa ndicho chenye kasoro. Usizimeze bila daktari wa macho kujua. Vitamini A ya dozi kubwa, uniti 15,000 kwa siku, ilipendekezwa tangu 1993, lakini uchambuzi mpya uliochapishwa 2023 haukuona faida yake. Kwa mwenye ugonjwa wa Stargardt inaweza kuharakisha uharibifu, kwa mjamzito humdhuru mtoto tumboni, na kwa yeyote ikizidi huumiza ini. Mchicha, karoti na maembe kuleni kwa raha, hayo hayana tatizo.

Kuna mambo mawili yanayotibika na bado hukosewa kwa sababu mgonjwa ameambiwa hana dawa. La kwanza ni mtoto wa jicho, anayewapata wenye retinitisi pigmentosa mapema kuliko wengine. Akitolewa, kiduara kilichobaki hung'aa tena. La pili ni maji yanayojaa katikati ya retina na kufanya herufi zipinde. Hayo huonekana kwenye OCT, na mara nyingi hupungua kwa matone ya dozolamaidi au vidonge vya asetazolamaidi. Ukiona uwezo wa kusoma umeshuka ndani ya wiki au miezi michache, usiseme ni ugonjwa uleule umezidi. Rudi ukaangaliwe.

Kuhusu majaribio ya tiba, fedha ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mshiriki bei ya dawa inayojaribiwa, huanza na jicho moja, tena lililo baya zaidi, una kamati ya maadili inayotajwa kwa jina, na hukupa karatasi ya ridhaa uende nayo nyumbani. Mwaka 2017 jarida kubwa la tiba la Marekani lilieleza habari za wanawake watatu waliokuwa na ugonjwa wa retina wa uzeeni, waliolipa dola 5,000 kila mmoja katika kliniki ya Florida ili wadungwe seli shina zilizotokana na mafuta ya miili yao. Walidungwa macho yote mawili kwa siku moja. Wote waliharibikiwa vibaya, mmoja hadi kutoona hata mwanga. Baadhi yao waliamini wamo ndani ya utafiti, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeorodheshwa kwenye daftari la serikali la majaribio. Kwa hiyo kuona jaribio limeandikwa katika daftari hilo, ClinicalTrials.gov, au katika daftari la majaribio la Afrika ni mwanzo tu wa kuuliza. Peleka karatasi hizo kwa bingwa wako azisome kabla hujatia sahihi. Na kumbuka kwamba aliyekwisha dungwa kitu kisichojulikana ndani ya jicho mara nyingi hukataliwa na majaribio halali yanayokuja. Sindano ya mapema inaweza kukufungia mlango wa dawa ya kweli.

La mwisho ni la barabarani. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa wa ubao wa macho na bado asimwone mtoto anayekatiza kutoka kulia. Kama unaendesha bodaboda au daladala na umeambiwa una ugonjwa huu, acha usiku leo hii, na mchana upimwe eneo unaloliona kabla hujawasha tena. Najua hiyo ndiyo ada ya shule na unga wa jioni, na sisemi kwa wepesi. Mwenye koni hai ana miaka ya kujifunza kazi nyingine angali anasoma: cherehani, uhasibu, kompyuta inayosoma kwa sauti. Fimbo nyeupe ijifunze mapema, usiku kwanza. Chama cha Wasioona Tanzania, na kwa Kenya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, hawahitaji uwe umepofuka kabisa ndipo uende kuuliza. Shuleni mwombee mtoto dawati la mbele lenye mwanga na muda wa ziada wa mtihani, na wadogo zake wote wapimwe macho mwaka huu, hata wasiolalamika.